Kitabu Alivyokisoma Loisi

"Sasa tazama, hapa anampa kikombe," Loisi alisema, akagonga picha kwa kidole. "Kina nini ndani?"

"Dawa," Priska alijibu.

"Na mtoto anafanya nini?"

"Anakunywa yote. Habakizi tone."

"Haya, na wewe."

Priska alikuwa na miaka minane na mwili wa mtoto wa miaka mitano. Alikishika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa. Vilikuwa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vyenye utamu wa kudanganya ulimi na uchungu unaokuja nyuma yake. Alikunja uso, akamaliza, akakigeuza kikombe juu chini ili Loisi aone. Ndipo Loisi alipofungua ukurasa uliofuata, ambapo mtoto wa kwenye kitabu alikuwa amelala chini ya mti, akasema amelala kwa sababu dawa inafanya kazi. Baada ya hapo uji, baada ya uji shule. Ndivyo ilivyokuwa kila siku iendayo kwa Mungu.

Kitabu kilitoka kwenye belo. Loisi aliuza mitumba ya watoto sokoni Tunduma, na siku moja walipokata kamba za belo la nguo lililopitia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walikuta vitabu vitatu vya picha katikati ya visweta. Wenzake walivitaka viwe karatasi za kufungia karanga. Yeye akavitumbukiza kwenye kapu lake kabla hawajakubaliana. Vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza cha Loisi kiliishia kwenye namba na rangi, kiasi cha kumuuzia Mzambia kisweta. Alikuwa amemaliza la saba kwao Ileje na Kiswahili alisoma bila kukwama, lakini maneno ya kwenye vile vitabu aliyaangalia tu yakamwangalia.

Lakini picha hazina lugha. Jioni, akishatoka sokoni, aliketi kwenye kibaraza na watoto wa majirani wakajipanga mbele yake, na Loisi akasoma. Mnyama mwenye meno aliyekuwa amesimama mlangoni kwa bibi kizee na mfuko mgongoni, Loisi alisema ni fisi aliyekuja kuhani msiba na mfuko ni wa mahindi ya rambirambi.

"Fisi hana mkia wa hivyo," Lusubilo, mtoto wa nyumba ya pili, alipinga.

"Huyu fisi wa Zambia," Loisi alisema, na watoto wakacheka mpaka wakaegemeana.

Kitabu cha kikombe kilikuwa na mwanamke wa gauni jekundu mwenye nyusi zilizopanda juu. Loisi hakuwa mjinga. Nyusi zile zilimwambia kwamba mwenye kuchora hakumpenda yule mwanamke, na kwamba ni mama wa kambo, maana ukurasa wa kwanza kulikuwa na kaburi na baba aliyeinama. Lakini na yeye alikuwa mama wa kambo. Alimkuta Priska ana miaka mitano, akimkimbilia baba yake kila Loisi alipomnyooshea mkono, na uani watoto wakimwimbia kwamba mama wa kambo si mama. Basi Loisi akampa mwanamke wa gauni jekundu kazi nyingine. Akasema anampa mtoto dawa. Akasema kapu analoingia nalo msituni ni la mizizi ya dawa nyingine. Na pale mwisho, ambapo kilibaki kiatu chake tu kando ya mto, Loisi alisema amekiacha ili mtoto ajue kwamba atarudi. Priska alikipenda kiatu kile kuliko kitu chochote, na ilikuwa baada ya kitabu hicho ndipo alipoanza kumwita mama.

* * *

Nesi wa kliniki alikuwa amekwisha sema mara mbili.

"Mama Priska, miaka minane ni mingi. Aanze kuambiwa. Si yote kwa siku moja, kidogo kidogo. Mtoto anayejua anakunywa nini hasumbui."

"Mimi niko tayari," Loisi alisema. "Baba yake."

Baba yake, Ezron, alikuwa fundi tairi kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Alikuwa na mikono ya kazi, na moyo mzuri kwa mambo mengi. Mke wake wa kwanza, Rozi, alipokufa, ukoo wote kule Isansa uliambiwa ni kifua. Kumbe Rozi alikuwa na virusi, na Ezron anavyo, na Priska alizaliwa navyo. Loisi aliambiwa kabla ya ndoa, akapima akakutwa hana, akakubali kwa masharti ya kliniki, na akala kiapo kimoja tu kwa mumewe: siri haitatoka kinywani mwake.

"Mtoto hana siri, Loisi," Ezron alimjibu alipomletea maneno ya nesi. "Leo anajua, kesho anajua Lusubilo, keshokutwa madereva wote. Nani ataniletea tairi? Na dada Tumpale je? Yule ndiye aliyeuosha mwili wa Rozi."

"Siku akigoma kunywa utafanya nini?"

"Si una kitabu? Anakunywa kwa kitabu chako. Unachokorofisha ni nini?"

Ilikuwa kweli. Na ndani yake, tuseme ukweli, Loisi alijivunia kidogo.

* * *

Mwezi wa sita shule zilipofungwa, Tumpale alishuka kutoka Isansa. Mashine yake ya kumenyea kahawa ilikuwa imevunjika gurudumu katikati ya mavuno, na kipuri chake hupatikana mpakani, cha kuagiza na kungoja juma zima. Alikuja na gunia la viazi, mkungu wa ndizi, na binti yake Goodness, mwenye miaka kumi na mitatu, anayesoma shule ya Kiingereza ya bweni. Kahawa yote ya Tumpale iliingia kwenye shule ile, na hakukuwa na mazungumzo ambayo hakuipitishia humo.

Siku ya pili, jioni, Loisi alikuwa kibarazani na watoto sita, Priska na wa majirani. Tumpale alikuwa kwenye kigoda akimenya viazi. Goodness alikuja akasimama nyuma ya Loisi, akachungulia juu ya bega lake.

"Anti," alisema taratibu baada ya kurasa mbili, "mbona haijaandikwa hivyo?"

"Haijaandikwa vipi?"

"Hapo. Hapajaandikwa dawa."

Loisi alicheka, akafunga kitabu. "Basi kesho tutaendelea. Giza linaingia."

Giza lilikuwa bado, jua lilikuwa limekaa juu ya mabati. Tumpale aliweka kisu chini.

"Hebu mwachie mwenzio asome, wifi. Ada ninayolipa nami niisikie leo. Msomee mdogo wako, Goodness. Soma kwa Kiingereza, halafu utafsiri."

"Wifi, watoto wamechoka."

"Hatujachoka," watoto walisema pamoja.

Goodness alikichukua. Loisi angeweza kukivuta, na baadaye usiku na mchana alijiuliza kwa nini hakukivuta. Lakini alikuwa mtu mzima mbele ya wifi mkubwa, na kukivuta kungekuwa kukiri. Goodness alisoma vizuri, kwa sauti ya kutii, kama wanavyofundishwa kusoma mbele ya wageni. Mama wa kambo alimchukia mtoto wa mumewe. Mama wa kambo alitia sumu kwenye kikombe. Akamwambia, kunywa, mwanangu, ni dawa. Mtoto akanywa yote, akaanguka chini ya mti. Mama wa kambo akachukua kapu na jembe dogo akaingia msituni kumtafutia mahali pa kumzika, na wakati wa kuvuka mto akasombwa na maji, kikabaki kiatu.

"Mwisho," Goodness alisema.

Hakuna aliyecheka. Kisha Lusubilo akauliza kile ambacho mtoto huuliza: "Kwa hiyo wewe hujui kusoma?"

"Kiingereza sijui," Loisi alisema.

"Ehe," Tumpale alisema, akarudi kwenye viazi vyake. "Na sisi tunasikia kila siku mama Priska anasoma, mama Priska anasoma. Kumbe anatunga."

Alisema kwa utani wa mawifi, na pengine hakukusudia zaidi ya hapo. Watoto waliondoka mmoja mmoja. Priska alibaki ameketi kwenye mkeka, akiangalia ukurasa wa kikombe, na Loisi alipomgusa begani, bega lile lilirudi nyuma kidogo tu.

* * *

Asubuhi kikombe kilipoletwa, Priska aliweka mikono nyuma.

"Kunywa wewe kwanza."

Loisi alipiga funda. Priska alimtazama, kwa umakini wa mtu mzima, muda wa kusonga ugali. Kisha akachukua kikombe, akajaza mashavu, akatoka nje kama anayekwenda kunawa. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu, Loisi akipiga funda lake la kwanza na moyo wake ukitulia kidogo. Siku ya nne alitoka kumwaga majivu, akamkuta mtoto nyuma ya choo ameinama, akitema. Ardhi pale ilikuwa na madoa manne yanayofanana.

Hofu iliyomwingia haikuwa ndogo. Alikwisha ambiwa na nesi kwamba dawa hizi hazina mzaha, ukizichezea virusi vinazizoea. Alimshika mkono akamrudisha ndani, akayeyusha vidonge vingine.

"Priska, mimi ni nani yako?"

Mtoto alikitazama kikombe.

"Nimekuuguza surua. Nimekubeba mgongoni mpaka kliniki. Ningetaka ufe ningesubiri mpaka leo?"

"Hata yule wa kitabuni alimwita mwanangu," Priska alisema.

Hapo Loisi alifanya kosa lake la pili. Alimbana katikati ya magoti, akamziba pua, akamimina. Priska alipiga kelele, dawa ikaingia nusu kinywani na nusu kwenye gauni, na Tumpale akasukuma mlango.

"Unamnywesha nini mtoto wa kaka yangu?"

"Dawa, wifi."

"Dawa ya nini? Anaumwa nini? Mimi niko hapa siku ya sita sijamsikia akikohoa."

Loisi alifungua mdomo. Akakikumbuka kiapo, na sura ya Ezron. Akaanza kumfuta Priska dawa kwenye gauni.

"Nakuuliza, Loisi."

"Muulize mwenye mtoto," alisema.

* * *

Ezron aliitwa kutoka gereji, akaja na mafuta mikononi, akaketi kwenye kochi pembeni kabisa. Mezani kulikuwa na chai. Tumpale alikuwa amekwisha mfungia Priska nguo zake kwenye begi la shule, na Priska alisimama karibu na mlango nalo mgongoni, Goodness kamshika mkono.

"Kipuri nimepata," Tumpale alisema. "Naondoka leo. Mtoto naye anaondoka. Rozi aliniachia mtoto huyu kwa mdomo wake, wakati wewe ukilia nje. Sasa nimemkuta anabanwa kama kuku. Nieleze, kaka, ni dawa gani."

Ezron alimtazama mkewe, mara moja, kisha akayatazama mafuta ya mikononi.

"Ni vitamini tu, dada," alisema. "Za kumwongezea damu."

"Vitamini anazibiwa pua?"

"Loisi ana pupa. Nilikwisha mwambia."

Loisi alikuwa amevumilia kuchekwa kibarazani. Hili lilikuwa jingine. Alisimama, akasema kwa sauti aliyojitahidi iwe ndogo:

"Baba Priska, mtoto akienda Isansa bila dawa, unajua."

"Atakwenda kupumzika. Nitampelekea."

"Kila asubuhi utampelekea?"

"Nimesema nitampelekea."

"Wifi," Loisi alimgeukia Tumpale, "nakuomba usimchukue. Sina ruhusa ya kukwambia zaidi. Dawa ile si vitamini. Asipoinywa atakufa, nakuapia."

Tumpale alimtazama muda mrefu, na katika kutazama kule hapakuwa na ubaya, kulikuwa na uchovu.

"Nitakuamini vipi, wifi? Juzi umewasomea watoto sita kitabu chote hujui neno hata moja. Ulikuwa unaapa vilevile."

Ezron hakusema kitu. Angeweza. Alikuwa na nafasi ya kutosha, maana chumba kilikuwa kimya na Tumpale alikuwa amenyanyua kikombe chake cha chai na kunywa, akakishusha, akamwambia Goodness waanze kutoka. Loisi alimngoja mumewe. Mpaka leo ukimuuliza atakwambia kwamba hajawahi kumngoja mtu kama alivyomngoja Ezron dakika ile.

Aliyesema ni Priska.

"Shangazi, tumchukue na baba."

"Baba yako ana kazi, mama."

"Hapana, tumchukue. Hata yeye mama wa kambo anampa." Machozi yalikuwa yameanza. "Nimemwona kule gereji, anajificha nyuma ya matairi anameza. Zake ni kubwa, nyeupe. Ziko kwenye kopo la gundi ya solusheni, chini ya viraka vya tairi. Niliona zamani, sikumwambia mtu. Nilijua anaona aibu. Lakini naye atakufa, shangazi. Mama Rozi naye alikuwa nazo, ziko hivyohivyo, alikuwa anazificha kwenye unga."

Ezron alijiziba uso kwa mikono yake ile yenye mafuta. Mtoto asiye na siri alikuwa ameitunza siri ya baba yake zaidi ya mwaka, na ya mama yake zaidi ya miaka mitatu, na sasa alikuwa anaitoa kwa sababu moja tu, kumwokoa.

Tumpale hakuwa mjinga wa kuhitaji kuelezwa. Alikuwa mwanamke wa makanisani na misibani, alikwisha ona nyumba nyingi. Aliketi.

"Ezron. Kifua?"

Ezron hakuondoa mikono usoni.

"Nilimwosha mimi," Tumpale alisema. "Nilimwosha kwa mikono hii, ina michubuko ya kahawa, na hukusema. Ulisimama pale mlangoni ukaniletea maji. Mimi dada yako."

"Niliogopa, dada."

"Uliogopa." Alitazama kikombe cha chai mbele yake, kilichokuwa nusu, akakisukuma kwa ncha ya kidole mpaka katikati ya meza. Kisha akamwambia Goodness, "Mwachie mkono."

"Mama?"

"Nimesema mwachie. Chukua kapu, twende, magari yataisha."

Goodness, aliyekuwa amefundishwa shuleni kwamba ugonjwa huo hauambukizwi kwa kushikana mikono, alimwangalia mama yake, akamwangalia Priska, akaachia. Priska alipiga hatua nao mpaka kizingitini, begi mgongoni, akidhani bado anakwenda. Tumpale alimzuia kwa mkono usiomgusa.

"Wewe utabaki, mwanangu," alisema. Alikuwa akilia, na alilia kweli, njia nzima mpaka stendi. Lakini hakurudi.

* * *

Ezron alirudi gereji mchana uleule. Jioni hakuja. Kesho yake fundi mwenzake alileta habari kwamba ameomba lifti kwenye lori la Kapiri, kule Zambia, kwamba atakaa huko kidogo. Loisi alikwenda gereji, akainua viraka. Kopo lilikuwa tupu, na hilo angalau lilimpa nafuu, kwamba popote alipo, amekwenda na dawa zake.

Maneno ya siku ile yalikuwa yamewafikia majirani, na watoto wao hawakuja kibarazani juma lile, wala lililofuata. Hakuna mama aliyesema kitu. Walimwamkia vizuri tu sokoni, wakanunua visweta kwa mwingine. Lusubilo alipita siku moja, akasimama mbali, akasema amekatazwa, akaondoka. Vile vitabu viwili vya wanyama Loisi aliwapa wauza karanga. Kile cha kikombe alikitia motoni chini ya chungu cha maharage, na hakuona uchungu wowote.

Kliniki, nesi alitazama majibu ya damu. Alisema wamepoteza hatua, kwamba pengine dawa zitabidi kubadilishwa. Halafu akafunga mlango, akamketisha Priska kwenye kiti cha wakubwa, akamwambia jina la ugonjwa. Loisi alikuwepo. Priska aliuliza kama ni sumu. Nesi akasema hapana. Akauliza kama kuna aliyemtilia. Nesi akamwangalia Loisi, akasema hapana, alizaliwa nao.

Asubuhi iliyofuata Loisi aliweka kikombe mezani, akarudi nyuma mpaka ukutani, mbali nacho. Hakuwa na kitu cha kusoma. Priska aliketi mbele ya kikombe bila kukigusa.

"Mama yangu alikuwa nazo, kwenye unga."

"Alikuwa nazo."

"Sasa kwa nini alikufa?"

Loisi hakumjua Rozi. Alichojua alikipata kwa Ezron, mara moja tu, na angeweza sasa kukitengeneza kikawa kizuri. Angeweza kusema Mungu alimpenda zaidi. Angeweza kusema dawa zilichelewa.

"Alikuwa anameza kwa kujificha," alisema. "Siku za wageni hakumeza, wasije wakamwona. Na nyumba ya baba yako haikukosa wageni."

Priska alilifikiria jambo hilo. Akakivuta kikombe, akanywa taratibu, mpaka mwisho, bila kukigeuza kumwonyesha mtu.

"Baba atarudi?" aliuliza.

"Sijui."

"Na Goodness?"

"Hapana," Loisi alisema. "Nadhani hatakuja tena." Akaenda kumpakulia uji.